Kamba ya Mikono Makumi Ine

Mutu wa kwanza mwenye aliniambia maji ya ziwa Kivu haina baridi, nilimuangalia tu. Wa pili nilimutukana. Mutu anaogea pembeni dakika kumi, jua iko inamuchoma mugongo, anatoka, anajipangusa, kisha anakuja kunifundisha mimi habari ya baridi! Mimi mwenye nimefanya miaka kumi na mbili chini ya maji ya barrage ya umeme kule Mumosho, nikitoa chupa za plastiki kwenye vyuma vya kukinga mashine. Shuka chini, ukae nusu saa mu giza na nguo ya mupira yenye nimeishona viraka vya chambre à air, ile mupira ya ndani ya tairi, kwenye magoti na makwapani, kisha panda unielezee. Meno yako yenyewe itanijibu.

Ile wiki nilikuwa na hasira na kila kitu, baridi na yenyewe ilikuwa mu hesabu. Acha nieleze.

Dada yangu mukubwa alizama na boti ya mbao yenye ilikuwa inatoka Goma kuja Bukavu. Haikuwa ile meli kubwa ya chuma. Ilikuwa boti ya mizigo, watu juu ya magunia na magunia juu ya watu. Upepo iliipiga upande wa Idjwi, ikalala, ikaenda. Wengine waliokotwa na mitumbwi ya wavuvi. Wengine maji iliwarudisha kisha siku tatu, siku ine. Dada yangu hakurudi. Tulizunguka pembeni ya ziwa yote, kila mwili yenye ilitoka tulikimbia kuangalia, na kila mara ilikuwa dada wa mutu mwingine. Mwaka ikapita, ikaongeza nusu.

Kwetu Nyantende mutu akikufa na mwili yake ikose, hatumuachi hivi hivi. Tunakata mugomba, tunaupima urefu yake yeye, tunauvalisha nguo yake, tunauzika mu shamba ya ndizi karibu na watu wake. Hapo ndipo kilio inaisha. Bila ile, nyumba inabaki wazi: hakuna ndoa, hakuna sherehe, mama anakaa na kitambaa ya kilio kichwani. Na mama alikataa. Kila mara mutu aligusa habari ya mugomba, jibu yake ilikuwa moja: "Siwezi kuzika muti na niko na mutoto mwenye anaingia mu maji kila siku." Yule mutoto ni mimi. Hebu fikiri kula ugali mwaka na nusu mbele ya neno sawa ile.

Kisha wavu ikakwama. Kulikuwa papa mumoja, muzee muvuvi wa vile visamaki vya sambaza, alivua zamani na marehemu baba yetu. Asubuhi moja alifika ku nyumba na kipande ya ubao, rangi ya bluu na mustari mweupe. Wavu yake ilishika kitu kule chini. Walivuta watu sita mpaka ikapasuka, ikapanda na ile ubao. Boti ya dada ilikuwa bluu na mustari mweupe. Mama alichukua ubao, akaunusa, akaniangalia.

"Papa, iko chini kiasi gani?" nikauliza.

"Quarante," akanijibu.

Nikatoa bic mu mufuko na kuandika kwenye kikaratasi: mètre 40. Nikaona sasa tumepata mwanzo.

Siku ya yenga, ile ya Mungu, kisha misa ya pili, tonton akaita réunion ya jamaa. Tonton ni mudogo wa baba, ndiye mukubwa wetu sasa. Alikuwa na binti mwenye anangoja kuolewa, na watu wa upande ya bwana walikuwa wameanza kuchoka. Ndoa haiwezi kupita juu ya kilio yenye haijafungwa, kila mutu pale alijua. Tonton akasimama, akashika koti yake vizuri, akasema: "Tumevumilia. Posho hii, siku ya sita, tunazika mugomba. Imetosha."

Nikaruka. "Boti imeonekana, unasema imetosha? Nipatie hii wiki moja tu. Nitashuka."

"Utashuka, utaleta nini?" akaniuliza. "Mwaka na nusu, mutoto yangu. Kule chini kunabaki nini?"

Alisema vile mama akiwa amekaa pale, mikono juu ya magoti. Kama unataka kunikasirisha mpaka mwisho, sema ukweli mbele ya mama yangu. Nilimuambia tonton maneno yenye mutu haambii tonton wake. Nilimuambia anataka kuchezesha ndoa juu ya mugongo ya dada yangu. Ba maman, wamama wa jamaa, walishika vichwa: "Yoo! Nyamaza wewe!" Sikunyamaza. Mwishoni wakanipa mpaka siku ya tano. Ukishindwa, tonton akasema, posho iko posho.

Basi nikapanga.

Mwenzangu wa kazi pale ku barrage alikubali kunisindikiza. Ni mudogo kwangu na ananiita grand. Ni mutu wa kuogopa, na ndiyo maana hajakufa. Tulikaa ku meza ya mama na ile tableau ya plastiki yenye muzungu mwenye alitufundisha kazi alituachia, ya kuonyesha ukishuka kiasi gani unakaa dakika ngapi, na ukipanda unasimama wapi. Mwenzangu akaanza mambo yake: "Grand, hii iliandikwa kwa watu wa bahari. Sisi tuko huku juu ya milima, inatudanganya. Lazima tupunguze." Nikamuambia apunguze. "Na tena ku barrage tunashuka kumi na tano, ikizidi sana makumi mbili. Quarante haiko mchezo." Nikamuambia kama anaogopa, abakie na bibi yake. Akaendelea kuandika. Leo ninaona haya juu ya ile neno. Ile siku hapana.

Tulipanga hivi: kamba ya mètre makumi tano, fundo kila mètre, na kila fundo ya kumi kipande ya sashe ya plastiki nyekundu ili mutu aione mu giza. Jiwe chini ya kamba. Chupa mbili za hewa kila mutu, na ingine moja kuninginia mètre sita, ya kupumua wakati wa kupanda polepole. Chini kabisa, dakika kumi. Dakika kumi za kumutafuta dada yangu mu boti nzima! Lakini nilijua pa kuanzia. Alinipigia kabla waondoke Goma, akasema inje kuna baridi, ameingia ndani, chini. Basi mulango ya ndani, nilimuambia mwenzangu. Tunaenda moja kwa moja ku mulango ya ndani.

Siku ya pili nilishinda nafunga mafundo. Siku ya tatu nilishinda nabandika viraka. Nguo yangu ya mupira imezeeka, imechoka kuliko mimi. Nilikuwa napaka kole ya kubandika, napuliza, natukana. Hewa inaingia, natukana. Mama alikuwa anachambua maharagi pembeni yangu.

"Mbona unatukana nguo?" akauliza.

"Imeoza, maman."

Akaendelea na maharagi yake. Mimi nikajifanya natafuta kole, na ilikuwa mbele yangu.

Juu ya ile nguo kuna jambo yenye sikumuambia mutu hata mumoja, si mama, si tonton, si padri. Dada yangu hakuenda Goma kunitafutia nguo, alienda ku mambo yake ya biashara. Lakini kule ku soko ya nguo za mutumba aliona moja ya kuzamia, nzima kabisa, na akanipigia akicheka: "Nimekupatia nguo yako ya chura!" Alikuwa anataka kungoja meli kubwa ya kesho yake. Mimi ndiye nilimuambia: "Aka! Usingoje. Panda boti ya leo. Kesho, siku ya kwanza, niko na kazi mu maji." Alikuwa ananitii, mimi mudogo wake, sababu alikuwa mutu mwema. Alipanda boti ya leo. Na nguo yangu ya chura iko naye kule chini, nzima, haina kiraka hata moja.

Sasa umejua hasira ilikuwa ya nani. Ilikuwa inatafuta tu mutu wa kuangukia.

Siku ya ine tukateremuka asubuhi mapema. Mama alitufuata mpaka pembeni ya maji. Alikuwa ameshika liputa mupya, kitenge ya kujifunga, imekunjwa vizuri, bado inanuka duka. Akaniweka pembeni.

"Ukimupata," akasema, "umufunike kule kule mu maji. Asitoke watu wakimuangalia."

"Ndiyo, maman."

"Umufunge vizuri. Hakupenda watu wamuone hajajitengeneza."

Niliweka liputa mu sashe, nikafunga fundo mbili, nikageuka haraka. Yule papa muvuvi aliwasha moteri, tukaenda. Pale juu ya ile boti yenye ilizama alikuwa ameacha bidon ya njano ikielea, imefungwa na kamba yake. Tulifika, akazima. Maji ilikuwa imetulia. Mwenzangu akachukua kamba yetu, akateremusha jiwe, mimi nahesabu mafundo. Kumi. Makumi mbili. Makumi tatu. Ku makumi ine nilingoja jiwe iguse. Kamba haikulegea. Makumi ine na tano. Makumi tano. Kamba ikaisha mikononi mwa mwenzangu, na jiwe ilikuwa bado inavuta.

Nikageukia yule papa.

"Ulisema quarante!"

"Ndiyo. Quarante."

"Tumeshusha makumi tano! Chini iko wapi?"

Yule muzee akaniangalia sawa mutu anaangalia mwehu. Akachukua kamba yake mwenyewe, akafungua mikono yake miwili mpaka mwisho, mukono moja huku, mukono ingine kule, kamba imepita mbele ya kifua. "Moja," akasema. Akakusanya, akafungua tena. "Mbili. Namna hii, quarante. Tunapima namna gani ingine?"

Nilikaa chini mu mutumbwi. Baba yangu alipima vile. Baba ya baba alipima vile. Mimi mwenyewe, nikiwa mutoto, nilikaliswa juu ya kamba yenye imelowana, kazi yangu ni kuhesabu mikono ya baba: moja, mbili, tatu, mpaka usingizi. Kama yule papa angesema makumi ine, ningesikia mikono, sababu ndivyo baba alihesabu. Lakini alisema quarante, sawa watu wa bureau, na mimi na tableau yangu ya muzungu na bic yangu mu mufuko, nikaandika mètre. Sikuuliza hata. Mutoto wa muvuvi! Nilijitukana kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kifaransa, mpaka muzee akaondoa kofia yake.

Mwenzangu alifunga kamba ya muzee ku mwisho ya yetu, akateremusha tena polepole. Jiwe ikagusa. Akavuta, akapima ile yenye iliongezeka kwa fundo zetu.

"Makumi sita na saba," akasema. "Grand, hapa hatushuke."

"Nashuka."

"Hewa yetu kule ni sumu. Unajua. Ulinifundisha wewe mwenyewe."

Nilianza kuvaa chupa. Nilimuambia ni mwoga, nilimuambia aniache, nilimuambia dada hakuwa wake. Alisimama mu mutumbwi, ikayumba, akanyakua maski yangu na kuishika nyuma ya mugongo yake.

"Ushuke," akasema, "kisha posho mama yako azike migomba mbili."

Alikuwa analia, yule kijana mwoga. Nilikaa. Mwishoni nikasema, basi nipe makumi tatu tu, kwa kamba, nifike tu karibu yake. Akaniangalia sana. Akanirudishia maski, na akavaa ya kwake, sababu hakuniamini.

Tukashuka naye, mukono moja ku kamba. Sashe nyekundu ya kwanza. Ya pili. Maji ikawa ya kijani, kisha haikuwa na rangi. Ku ya tatu mwenzangu akanishika mukono na kukaza. Nikasimama pale. Baridi ikaingia pa magoti, ikaingia makwapani, kila kiraka nilibandika ilikuwa inaingiza maji. Chini ya miguu yangu kamba ilikuwa inaendelea, nyeupe kidogo, kisha hakuna. Nilikuwa nimefika nusu ya njia, hata nusu haijafika. Nilipiga kelele mu mupira ya kupumulia. Sikuita jina yake, nilitukana. Nilitukana boti, upepo, ziwa, soko ya mutumba, simu yangu. Mapovu ikapanda na matusi yangu. Mwenzangu hakunipandisha, alingoja tu. Kisha nikavuta ile kamba mara mbili, sawa vile tunafanya ku barrage kumujulisha mwenzako uko pale. Hakuna kitu yenye ilijibu. Tukapanda.

Mama alikuwa bado amesimama pahali tulimuacha. Sijui kama alikaa hata dakika moja. Nilitoka mu mutumbwi, nikamurudishia liputa, imekauka, imekunjwa vile vile. Aliishika, akaangalia vidole vyangu. Vilikuwa vyeupe juu ya baridi.

"Ulifika?"

"Sikufika, maman. Iko mbali. Nilipima vibaya."

Akaitika na kichwa. Na mimi, sijui nini ilinishika, nikamwaga yote pale pale mbele ya wavuvi: nguo ya chura, simu, panda boti ya leo, usingoje. Nilisema mpaka neno ikaisha. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

"Najua," mama akasema. "Alinipigia kisha kukupigia wewe. Alisema anaharakisha sababu yako." Akafunga kitambaa yake vizuri kichwani. "Nilikuwa nangoja uniambie." Akanitangulia ku barabara, na mimi nikamufuata na chupa za hewa mugongoni.

Posho tulikuwa Nyantende, mama hakukataa tena. Tulikuta tonton amemaliza kila kitu: shimo imechimbwa mu shamba ya ndizi pembeni ya baba, mugomba imekatwa, imelazwa juu ya mukeka. Padri alikuwa amekubali kuja kubariki. Watu walikuwa wamekaa. Nilifika pale ku mukeka, nikaangalia, na ile hasira yenye nilifikiri imebaki mu maji ikapanda yote.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Namna gani, ni nani?" tonton akasema.

"Nauliza! Huyu mufupi ni nani? Dada yangu alikuwa ananipita kichwa! Utotoni tulilala kitanda moja, miguu yake ilikuwa inatoka inje ya bulangeti, mimi ndiye nilikuwa nafunikwa yote! Munamuzika nani hapa?"

Tonton akafungua mukono. "Tulikata kwa macho tu. Ni alama."

Mama alikuwa amekuja na robe ya dada, ile nguo ndefu ya misa. Nikaenda ku gari yenye ilituleta, nikatoa kamba yangu ya mafundo, nikaileta, nikapima robe kuanzia mabega mpaka chini. Mama akaweka mukono yake juu ya kola, kuonyesha shingo na kichwa inafika wapi. Mètre mbili kasoro vidole vine. Nikachukua panga, nikaingia mu shamba, nikachagua mugomba umesimama vizuri, haujainama. Mimi mwenye nilikataa mugomba mwaka na nusu! Niliukata mwenyewe, nikaubeba mwenyewe, maji yake ikanilowanisha shati yote. Mama na ba maman wengine wakauosha, wakauvalisha robe, wakaufunga mu ile liputa mupya. Hakuna mutu aliangalia mpaka walimaliza.

Tukaubeba ku shimo. Ukakataa kuingia. Shimo ilichimbwa kwa ule mufupi.

Padri akafunga kitabu na kidole ndani. Tonton akapangusa paji ya uso, jua ilikuwa kali, akasema bila ubaya, sawa mutu mwenye kuchoka: "Mukate kidogo tu huku miguuni. Ni mugomba."

Nilifungua kinywa. Mama alinitangulia. Alikuwa amepiga magoti pale ku kichwa, mukono juu ya liputa, na hakupandisha sauti.

"Hakuna mutu atakata mutoto yangu," akasema.

Tonton alimuangalia. Akaniangalia na mimi. Kisha akavua koti yake ya réunion, akaikunja, akamupa padri ashike. Akaingia mu shimo na viatu vyake, akaomba jembe. Mimi nikachukua ingine, nikaingia upande ya pili. Tulichimba, yeye na mimi, mpaka dada yangu alipoenea mule.